Lis Hartel: polio ilimunyanganya miguu, akajifunza kusema na farasi kwa mugongo

Mwezi wa 7 mwaka 1952, kule Helsinki, muji mukubwa wa Finland, mashindano ya farasi ya Michezo ya Olimpiki yalikuwa yamekwisha. Washindi watatu walipaswa kupanda jukwaani kupokea medali zao. Wa kwanza alikuwa afisa wa jeshi la Sweden, jina lake Henri Saint Cyr. Wa pili alikuwa mwanamuke wa miaka 31 kutoka Denmark, mama wa watoto wawili. Dakika chache mbele ya pale alikuwa juu ya farasi, amenyooka, ametulia, hakuna kitu kilichoonekana kumushinda. Sasa alikuwa chini, na hakuweza kupanda ile jukwaa peke yake. Saint Cyr akamushika, akamupandisha.

Mwanamuke huyo ni Lis Hartel. Tangu karibu miaka 8, miguu yake haikuwa na nguvu hata kidogo kuanzia magoti mpaka chini. Ni polio ndiyo ilimufanyia vile. Na muchezo uliomupatia medali ni muchezo ambao mutu anaufanya kwa miguu kuliko kitu kingine chochote.

Hapa kwetu wengi hatujawahi kupanda farasi. Tunajua ngombe wa Masisi, tunajua chukudu, tunajua moto. Lakini polio tunaijua vizuri sana. Tunaijua kwa majina ya watoto wa kwetu, wa majirani, wa kanisa letu. Ndiyo maana leo tunawaletea maisha ya huyu mama.

Mutoto wa nyumba ya farasi

Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 1921 kule Hellerup, karibu na Copenhagen, muji mukubwa wa Denmark. Jina lake la kuzaliwa ni Lis Holst. Alikomea katika jamaa iliyopenda farasi, na mama yake, Else, alimuingiza katika muchezo huo akingali mutoto. Mwaka 1941 aliolewa na Finn Hartel, naye pia mutu wa farasi. Tangu pale akaitwa Lis Hartel.

Inchi yao wakati ule haikuwa na amani. Wajerumani waliingia Denmark mwezi wa 4 mwaka 1940, wakaishikilia mpaka mwezi wa 5 mwaka 1945. Lakini hata kwenye vita watu wanaoa, wanazaa, na wanacheza. Lis alipata mutoto wake wa kwanza, binti. Mwaka 1943 akakuwa bingwa wa Denmark katika dresaji. Mwaka 1944 akarudia, akakuwa bingwa tena.

Dresaji ni nini? Si mbio za farasi, na si kuruka vizuizi. Ni kama mutihani wa utii na uzuri. Farasi na mupandaji wanaingia katika uwanja wa metre 60 kwa metre 20. Pembeni kuna herufi zinazoonyesha fasi ya kuanza kila hatua. Farasi anatembea, anakimbia polepole, anakimbia kwa nguvu, anakwenda upande kwa kupishanisha miguu, anazunguka fasi moja akikanyaga kwa miguu ya nyuma. Kuna hatua inayoitwa piafe, ambapo farasi anakimbia bila kusogea, kama mutu anayepiga mguu wa jeshi fasi moja. Wapima wanakaa pembeni, wanatoa pointi kwa kila hatua.

Lakini kitu wanachotafuta zaidi ya yote ni hiki: mupandaji asionekane kufanya kazi. Asipige farasi, asivute kinywa chake kwa nguvu, asiseme naye kwa sauti. Farasi aonekane kama anafanya kwa mapenzi yake. Kumufikisha farasi pale kunaomba miaka mingi ya kufundisha kila siku, na siku nyingi kati ya hizo ni za kurudia kosa la jana.

Mwezi wa 9 mwaka 1944

Lis alikuwa na miaka 23 na alikuwa na mimba ya mutoto wa pili. Mwezi wa 9 mwaka 1944, ugonjwa ukamushika. Ilikuwa polio.

Polio ni kirusi kinachopita kwa njia ya uchafu. Kinatoka katika choo cha mutu mwenye nacho, kinafika kwenye mikono, kwenye maji, kwenye chakula, kisha kinaingia kinywani mwa mwingine. Watu wengi wanaokipata hawaone alama yoyote. Lakini kwa wachache, kile kirusi kinafika katika mishipa inayotoa amri kwa nyama za mwili. Mishipa ile ikikufa, muguu au mukono unakuwa pale, na damu inapita, lakini amri haifike tena. Hakuna dawa inayorudisha mishipa iliyokufa. Mwaka 1944 kulikuwa hakuna dawa, na chanjo nayo ilikuwa haijapatikana bado.

Mwili wa Lis ulilegea karibu wote: miguu, mapaja, mikono. Mwanzoni mwa mwaka 1945 alizaa, na mutoto, binti mwingine, alikuwa muzima. Wanganga walikuwa na tumaini dogo kwa mama. Kwa mawazo yao, siku akiweza kutembea na magongo, hiyo ingekuwa tayari ushindi, na habari za farasi zingebaki habari za zamani.

Hakubali. Lakini tusizanie kwamba aliamuka siku moja akapanda farasi. Alianza kama mutoto muchanga. Kwanza kuinua mukono. Kisha kurudisha nguvu kidogo ya mapaja. Kisha kutambaa chini. Mama yake na bwana yake walikuwa pembeni, wakimushikilia mwili ili atambae, kila siku akienda mbele kidogo kupita siku iliyotangulia. Kisha miezi 8 akaweza kusimama na kutembea na magongo.

Nguvu ya mapaja ilirudi kwa sehemu. Mikono ilibaki na uzaifu. Chini ya magoti hakuna kilichorudi mpaka kifo chake.

Farasi haelewi tena

Hapa tuingie kwenye shida yenyewe, kwa sababu ndiyo inayofanya maisha ya Lis Hartel yasomwe mpaka leo.

Mutu wa moto anaweza kutuelewa haraka. Kwenye moto, mukono unaongeza petroli na kufunga breki, muguu unabadilisha vitesi. Sasa umuambie mutu wa moto wa Bukavu apande mulima na abiria wawili bila kutumia miguu. Atakuuliza kama unamuchekelea. Kwa farasi ni mbaya zaidi, kwa sababu farasi si mashini. Ana akili yake, ana woga wake, ana mazoea yake.

Katika dresaji muguu ndio unasema zaidi. Mupandaji akifinya tumbo la farasi na miguu miwili, farasi anaelewa aende mbele. Akifinya na muguu mumoja, farasi anasogea upande au anapinda mwili. Akisogeza muguu nyuma kidogo, farasi anaelewa aanze kukimbia kwa nguvu, na ni muguu gani utangulie. Mikono kwenye kamba za kinywa inasaidia tu. Mwalimu yeyote wa farasi atakuambia kwamba mwanafunzi anayeongoza kwa mikono kuliko miguu hajajua bado.

Lis alirudi kwa farasi akiwa na ile luga mudomoni lakini bila sauti. Alipaswa kubebwa ili apandishwe. Akiwa juu, shida zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni kukaa. Mutu muzima anajishikilia kwa magoti na kwa uzito wa miguu inayoshuka chini. Yeye hakuwa na hiyo. Farasi akigeuka gafla, mwili unakwenda upande wake. Wakati ule wa kujifunza upya alianguka, akapandishwa tena, akaanguka.

Ya pili ni kwamba muguu usio na nguvu haukae kimya. Unaning'inia, unagonga tumbo la farasi bila mwenyewe kutaka. Farasi aliyefundishwa vizuri anasikia hata nzi akimukalia. Ule muguu ukimugusa anazania ni amri. Anatii amri ambayo hakuna mutu aliyeitoa, na akiona mupandaji hafurahi, anachanganyikiwa.

Ya tatu ndiyo kubwa. Namna gani utamuambia farasi vitu vyote vile, kwenda mbele, kusimama, kupinda, kubadilisha muguu katikati ya mbio, kama hauna miguu ya kumuambia?

Jibu alilolipata Lis lilikuwa katika mugongo na katika namna ya kukaa. Mutu akikaa juu ya farasi, kuna mifupa miwili ya makalio inayoegemea kiti cha ngozi. Ukiegemeza uzito kidogo upande wa kuume, farasi anasikia. Ukinyoosha mugongo na kukaza kiuno, anasikia kama kuna mulango uliofungwa mbele yake, anapunguza mwendo. Ukilegeza na kufuata mwendo wake, anasikia mulango umefunguliwa. Wapandaji wote wanatumia uzito, lakini kwa wengi ni kama kuongeza chumvi. Kwa Lis ndiyo ilikuwa chakula chote.

Lakini haitoshi mutu ajue luga mupya. Farasi pia anapaswa kuijua. Na farasi haelezwi kwa maneno. Anajifunza kwa kuonja: akifanya kitu kizuri, lile jambo linalomusumbua linaondoka palepale, naye anashika kwamba ndilo jibu. Kama mwalimu anachelewa hata sekunde chache kumulegezea, farasi anashika jibu lingine, la makosa. Na kama mwalimu anakasirika, farasi anashika hasira peke yake. Ndiyo maana kazi hii inakwenda kidogo kidogo, hatua moja inarudiliwa wiki nyingi, na siku farasi hataki, unarudi kwenye kitu anachokijua, anafanya vizuri, mnamaliza hapo.

Farasi aliyekubali kujifunza hiyo luga aliitwa Jubilee. Alikuwa farasi jike, mutulivu, na Lis alimuzoeza kusikia mugongo wake na uzito wake. Baada ya miaka kadhaa ya kazi, Jubilee alikuwa anafanya mambo magumu ya dresaji kwa alama ndogo sana ambazo mutu wa pembeni haoni. Na tukumbuke kile tulichosema juu: katika muchezo huu, wapima wanapenda mupandaji asionekane kufanya kazi. Ule uzaifu ulimufundisha Lis kukaa kimya kuliko wengi waliokuwa na miguu yao yote.

Mulango uliofungwa na sheria

Mwaka 1947, miaka 3 kisha ugonjwa, alirudi katika mashindano. Katika mashindano ya inchi za Skandinavia, upande wa wanawake, alipata nafasi ya pili. Watu wa farasi wakaona kwamba huyu hakurudi kwa kuhurumiwa.

Lakini Olimpiki ilikuwa bado mulango uliofungwa, na si kwa sababu ya polio. Mpaka mwaka 1948, dresaji ya Olimpiki ilikuwa ya maofisa wa jeshi peke yao. Raia wa kawaida hapana. Askari asiye afisa hapana. Mwanamuke, hata kumutaja hapana.

Sheria ile ilileta aibu kule London mwaka 1948. Kundi la Sweden, ambalo ndani yake alikuwa Henri Saint Cyr, lilishinda zahabu. Mumoja kati yao, Gehnäll Persson, alikuwa sajenti. Wakubwa wa jeshi lake walikuwa wamemupatia cheo cha afisa kwa wakati mufupi ili apate ruhusa ya kushindana, kisha mashindano wakamurudishia cheo chake cha mbele. Habari ikajulikana. Mwaka uliofuata Sweden ikanyanganywa ile zahabu, ikapewa Ufaransa. Hakuna aliyesema Persson hakujua kazi. Walisema tu cheo chake hakifai.

Kisha ile aibu sheria ikabadilishwa. Kwa michezo ya 1952 raia waliruhusiwa, askari wa vyeo vidogo waliruhusiwa, na wanawake waliruhusiwa, kushindana pamoja na wanaume katika uwanja mumoja, kwa mutihani uleule. Kwa hiyo Lis Hartel alipofika Helsinki alikuwa amepita milango miwili: ule wa ugonjwa, alioupita kwa miaka ya jasho, na ule wa sheria, uliofunguliwa na watu waliokubali kubadilisha neno kwenye karatasi. Bila ule wa pili, jasho la ule wa kwanza lingebaki nyumbani.

Nusu ya pointi

Helsinki, wanawake walikuwa wachache kabisa kati ya wapandaji wa dresaji. Wengi walikuwa wanaume wa jeshi, watu waliokaa juu ya farasi tangu ujana, kazi yao ya kila siku ikiwa hiyo.

Lis akaletwa, akabebwa, akakalishwa juu ya Jubilee. Kuanzia pale hakuna mutu tena angeweza kumusaidia. Aliingia uwanjani yeye na farasi wake.

Matokeo yalipotoka, Saint Cyr alikuwa na pointi 561. Wa pili, Lis Hartel, pointi 541 na nusu. Wa tatu, André Jousseaume wa Ufaransa, pointi 541. Nusu ya pointi ndiyo iliyotenganisha feza na shaba. Jousseaume hakuwa mutu wa kuokota: alikuwa afisa aliyekwisha kupata medali za Olimpiki tangu miaka ya 1930.

Lis Hartel akakuwa mwanamuke wa kwanza kupata medali ya mutu mumoja katika michezo ya farasi ya Olimpiki. Na mutu aliyemupandisha jukwaani alikuwa Saint Cyr, yule aliyenyanganywa zahabu ya kundi miaka michache mbele kwa sababu ya cheo cha mwenzake. Helsinki alirudi na zahabu yake, na Persson pia alikuwa tena katika kundi la Sweden lililoshinda.

Mwaka uleule, Copenhagen

Wakati Denmark inafurahia ile medali, polio ilikuwa inarudi kwa nguvu. Miezi ya mwisho ya 1952, Copenhagen ilishikwa na mulipuko mubaya ambao haikuwa imeuona mbele. Hospitali ya Blegdam ilijaa wagonjwa, na wengi wao hata nyama za kuvuta pumuzi zilikuwa zimekufa. Mashini za kusaidia kupumua zilikuwa chache kabisa.

Munganga mumoja, Bjørn Ibsen, akatoa wazo: kutoboa koo ya mugonjwa, kuingiza mupira, na kusukuma hewa kwa mukono. Wanafunzi wa unganga wapata 1500 waliitwa. Walipokezana muchana na usiku, wakifinya mufuko wa hewa kwa mikono yao, mutu mumoja kwa mugonjwa mumoja, wiki na wiki. Wagonjwa wengi waliokuwa wa kufa wakapona. Kutoka katika ile kazi ndiyo vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali za leo vilianzia.

Miaka 3 baadaye, mwezi wa 4 mwaka 1955, kule Marekani ilitangazwa kwamba chanjo ya munganga Jonas Salk inafanya kazi. Denmark haikungojea. Mwaka uleule ilianza kuchanja watoto wake. Inchi iliyokuwa imewafinyia watu wake hewa kwa mikono haikuhitaji kubembelezwa sana.

Stockholm 1956

Michezo iliyofuata ilifanyika Australia, lakini sheria za inchi ile juu ya magonjwa ya nyama zilikataza farasi wa kigeni kuingia bila kufungiwa wakati murefu. Basi mashindano ya farasi yakapelekwa Stockholm, Sweden. Lis Hartel alikuwa na miaka 35. Jubilee alikuwa naye.

Stockholm ilionyesha kwamba Helsinki haikuwa bahati. Saint Cyr alishinda tena kwa pointi 860. Lis alikuwa wa pili tena, kwa pointi 850. Wa tatu safari hii alikuwa Liselott Linsenhoff wa Ujerumani. Miaka 4 tu tangu mulango ufunguliwe, wanawake walishika nafasi mbili kati ya tatu. Mpaka leo, michezo ya farasi ya Olimpiki inashindanisha wanaume na wanawake pamoja.

Kisha medali

Lis Hartel hakukaa na medali zake ukutani. Alipanda mbele ya watu ili franga zikusanywe kwa ajili ya wagonjwa wa polio. Na kitu kingine kikaanza. Wataalamu wa kunyoosha mwili katika inchi za Skandinavia waliangalia maisha yake wakajiuliza: kama farasi alimusaidia huyu kurudisha nguvu ya kiuno na mugongo, kwa nini asisaidie watoto wetu? Farasi anapotembea, anachezesha mwili wa mutu aliye juu yake karibu kama mutu anavyochezeka akitembea kwa miguu yake. Mutoto asiyeweza kutembea anapata ule mwendo katika kiuno chake, anajifunza kujishikilia, na zaidi ya hayo anaangalia dunia akiwa juu, asiangaliwe kila siku akiwa chini.

Miaka ya 1950 kazi hiyo ilianza Denmark na Norway, kisha ikaenea inchi nyingi. Uholanzi kuna shirika lenye jina lake, linalosaidia vilema kupanda farasi. Na dresaji leo ni muchezo mumoja wa Paralimpiki, ile Olimpiki ya vilema.

Mwaka 1992 Denmark ilimuweka katika orodha ya mashujaa wa michezo wa inchi. Alikufa tarehe 12 mwezi wa 2 mwaka 2009, akiwa na miaka 87. Alikuwa ameishi na polio miaka zaidi ya 64.

Na sisi

Mutu anayepita mupakani Goma asubuhi anaona vilema kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu, mizigo imepangwa mpaka juu ya kichwa, vijana wanasukuma nyuma. Wengi wao ni polio. Wanalisha watoto, wanalipa masomo. Hao ndio waliopata mutu wa kuwasukuma siku ya kwanza. Kuna wengine ambao hatuwaone mupakani kwa sababu wamefichwa nyuma ya nyumba, mugeni akifika wanaingizwa ndani. Kuna wazazi wanaosema masomo ya mutoto wa vile ni kutupa franga. Kuna masomo yenye ngazi kwenye kila mulango.

Maisha ya Lis Hartel hayasemi kwamba kila kilema akijikaza atapata medali. Hayo si kweli, na yanaumiza watu. Yeye alikuwa na jamaa yenye uwezo, alikuwa na farasi, alikuwa na inchi yenye wanganga. Lakini kuna kitu ndani yake kinachotugusa hata sisi tusio na farasi. Kila siku ya maisha yake ya muchezo, kulikuwa na mutu wa kumubeba na kumukalisha juu: mama yake, bwana yake, watu wa farasi. Kisha kumukalisha walisogea kando, wakamuachia uwanja. Hawakumufanyia kazi yake. Wala hawakumuacha chini wakisema Mungu atajua.

Na kuna kitu kingine, kifupi zaidi. Mwaka 1944 hakuna mutu angeweza kumukinga Lis. Leo inawezekana. Wale vijana wanaopita nyumba kwa nyumba katika mitaa na vijiji vyetu, wenye kisanduku cha baridi begani, wanaweka matone mawili katika kinywa cha mutoto, wanapaka wino kwenye kidole, wanaandika ukutani, wanaenda. Inchi yetu ingali kati ya zile ambazo polio haijaondoka kabisa, na katika mikoa yetu ya mashariki vita na kukimbia vinafanya watoto wengi wasifikiwe. Wakifika kwako, fungua mulango. Kama ulikuwa safarini ao ulikuwa umekimbia walipopita, peleka mutoto kwenye kituo cha afya cha karibu. Hawaombe franga.